Maskini Mwenye Chombo

Ukivuka mpaka wa Horohoro kuelekea Mombasa, unaingia katika nchi ambayo sheria yake imeandika kwa tarakimu ni nani astahiliye nyumba ya umma. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Kenya, iliyotiwa saini mwezi Machi 2024, imewagawa wananchi kwa pato la mwezi. Apataye chini ya shilingi 20,000 za Kenya ana fungu la nyumba za jamii. Apataye kuanzia hapo hadi 149,000 ana fungu la nyumba za bei nafuu, na azidiye kiasi hicho ana fungu lake jingine. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato kugharimia mpango huo, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho.

Kwetu Tanzania mstari kama huo haujachorwa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 kwa ajili ya mwananchi wa kipato cha chini, lakini uchini wenyewe ulibaki kuwa neno tu. Mwaka 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalipotaifishwa na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba, sheria ilipima jengo, haikumpima mpangaji. Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za pango ikafutwa, na Shirika likaruhusiwa kwenda kibiashara. Tangu hapo suali la nani anastahiki limekuwa likijibiwa zaidi na mfuko wa mwombaji kuliko haja yake.

Kwa hiyo wanaotaka nasi tuwe na kima cha mapato wana hoja nzito, na sisi tunaiunga mkono. Nyumba ya umma isiyo na kipimo huishia kwa mwenye kujua mlango wa kubisha. Khofu yetu ni moja: kipimo hicho kitasomwa katika karatasi ya mshahara, na watu wa mwambao huu wengi hawana karatasi hiyo.

Mtazame mvuvi wa Sahare, wa Kigombe au wa Kipumbwi. Wavuao dagaa kwa taa hutegemea giza la mwezi. Mbalamwezi ikikolea, hukaa pwani wakishona nyavu. Kusi likichacha, vyombo vidogo havitoki. Pato lake haligawanyiki kwa miezi kumi na miwili. Afisa akimuuliza katika usiku mmoja wa neema, atamwandika kuwa mtu wa kati. Akimuuliza wiki mbili baadaye, atamkuta anakopa unga dukani. Na akiona kwamba ana chombo chake mwenyewe, huenda akamfuta kabisa katika orodha, kwa kuwa ni mwenye mali.

Hapa ndipo tunapopaswa kurejea katika elimu tuliyorithi. Katika Surat al-Kahf, aya ya 79, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawataja watu waliokuwa na jahazi na wakifanya kazi baharini, na anawaita maskini. Wana chombo, wana kazi, na bado ni maskini. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, waliitumia aya hiyo kuonyesha kwamba maskini aweza kuwa na kitu, ila kitu hicho hakimtoshelezi. Wakapiga mfano ulio maarufu: ahitajiye kumi akapata mbili au tatu ni fakiri, ahitajiye kumi akapata saba au nane ni maskini. Imamu Nawawi katika Minhaj amebainisha pia kwamba nyumba aishimo mtu na nguo avaazo hazimtoi katika ufakiri.

Msomaji aangalie kilichopimwa hapo. Si zile saba peke yake, bali ni saba mbele ya kumi. Kumi ya kijana asiye na mke si kumi ya mjane wa Ngamiani anayelea wajukuu watano na mama aliyepofuka. Wakipata shilingi sawasawa kwa mwezi, mstari mmoja wa tarakimu utawaweka katika foleni moja, na kijana, kwa kuwa ana nafasi ya kufuatilia ofisini, atatangulia. Kipimo cha haki kingegawa pato kwa idadi ya walishwao, kingehesabu mwaka mzima badala ya mwezi, na kingeacha nje chombo, cherehani na minazi michache ambayo ndiyo riziki yenyewe. Wala mtu asitupwe nje ya nyumba kwa kuwa biashara yake ya vitumbua imevuka kima kwa shilingi elfu mbili. Kodi ipande polepole kadiri pato lipandavyo.

Tutaulizwa: nani atathibitisha maneno ya mtu asiye na karatasi? Mwenyekiti wa mtaa anajua, na imamu naye anajua nyumba ipi haikuwasha moto. Lakini kujua huko ndiko kunakozaa upendeleo, kwa hiyo majina yabandikwe hadharani kabla ya kupitishwa, na mwenye pingamizi aseme.

Nasi Waislamu tusiisubiri serikali. Zipo nyumba za wakfu katika miji yetu, kama zilivyo kwa wingi Mji Mkongwe wa Unguja. Sharti la mwenye kuweka wakfu ndilo linalofuatwa: ikiwa aliiweka ili kodi yake iutunze msikiti, basi ipangishwe kwa bei ya haki na asiwemo ndani yake mtu mwenye uwezo alipaye kodi ya zama za babu yake. Ikiwa aliiweka kwa ajili ya maskini, basi akae maskini. Wasimamizi waanze na jambo jepesi: daftari la wapangaji, majina na kodi wanazolipa, lisomwe mbele ya jamaa baada ya swala, kabla ya Ramadhani ijayo.