Mwiba wa Kujidunga Nao Waumiza

Wahenga walinena kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Katika mitaa yetu ya Pwani methali hii imekuwa kisingizio. Kijana aliyeingia katika unga hupita barazani amejikunyata, nasi huvuta viatu vyetu karibu na kugeuza nyuso. Twasema: alijitakia mwenyewe.

Leo twapenda kueleza ada moja ya Tibet, nchi ya milima mirefu yenye kufuata dini ya Budha. Huitwa tonglen, yaani kutoa na kutwaa. Mtu hukaa kitako, akatulia, akamkumbuka mwenye dhiki. Anapovuta pumzi huwaza kuwa aitwaa dhiki ya yule mtu, nzito na nyeusi mfano wa moshi. Anapoishusha humpelekea faraja mfano wa nuru. Huanza na ampendaye, akaenda kwa asiyemjua, mwisho akamfikia adui yake. Hapo ndipo penye kazi, maana pumzi ya mwana ni nyepesi, ya hasimu hukwama kooni.

Mwanachuoni Chekawa, aliyeishi katika karne ya kumi na mbili, ndiye aliyeyapanga mafunzo hayo katika vifungu saba. Yasimuliwa kuwa aliwafunza wakoma, watu waliokimbiwa na kila mtu. Tangu Dalai Lama alipokimbilia India mwaka 1959, ada hiyo imeenea hata Ulaya na Marekani.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi Waislamu? Jawabu letu ni kwamba hatumwiti mtu kwenye ibada ya wengine. Mambo ya ibada yana mashekhe wake, nasi tuna sala, dua na dhikri zetu. Tulilovutwa nalo ni moja tu: watu hao wameona kuwa huruma haiji yenyewe. Hufanyiwa mazoezi kila siku, kama mtoto wa chuoni na juzuu yake. Nasi twasoma Bismillahi kila tufunguapo jambo, twamtaja Mwenyezi Mungu kwa majina mawili ya rehema, kisha twamruka teja aliyelala mlangoni. Ulimi umezoea, moyo je?

Wako watakaosema kuwa kuvuta pumzi hakumlishi mwenye njaa. Ni kweli. Lakini mkono hauendi usipotumwa na moyo. Wako wazazi waliowaficha wana wao kwa kuogopa maneno ya jirani, hata wakachelewa kuwapeleka kutibiwa. Maneno hayo ni yetu.

Basi twatoa shauri dogo. Baada ya sala ya alfajiri, kabla hujakunja mswala, mkumbuke kijana mmoja wa mtaani kwako, kwa jina alilopewa na mamake, si kwa jina la teja. Vuta pumzi, uufikirie usiku aliolala nje. Ishushe kwa dua. Kisha umkutapo barazani, mtolee salamu. Mwiba wa kujidunga nao waumiza, na aghalabu hautoki bila mkono wa mwenzio.