Kinanda cha Jukwaani: Usinunue kwa Kuhesabu Sauti

Ndengu zikishauzwa kule Kitui, na maembe ya Makueni yakishapata wanunuzi, ndipo vijana wengi wapigao muziki hupanda gari la Nairobi kwenda barabara ya Luthuli kutafuta kinanda. Hizo ni fedha za msimu mzima, na pengine za mama mzazi pia. Kwa hivyo, msomaji, ikiwa ni wewe au kijana wako aliye mbioni, ngoja tusemezane kidogo kabla pochi haijafunguliwa.

Kinanda tukisemacho hapa ni kile chenye midundo ndani yake. Mkono wa kushoto hubonyeza noti tatu pamoja, nacho hujipigia ngoma, besi na gita, huku mkono wa kulia ukitoa wimbo. Mtu mmoja anatosha arusi nzima ya Wote ama mchango wa kanisa huko Mwingi, na malipo hayagawanywi na watu watano.

Muuzaji ataanza na hesabu. Yamaha PSR-E373 ina sauti 622 na midundo 205. Casio CT-X700 ina sauti 600 na midundo 195. Basi muulize: benga iko wapi? Utapigiwa samba, utapigiwa valsi na disko, na huenda ukapata mdundo ulioandikwa jina la Kiafrika ambao nyanya yako hawezi kuuchezea hata hatua tatu.

Benga ya Ukambani ina mwendo wake. Sikiliza kanda za marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, aliyefariki mwaka wa 1987. Maneno huimbwa kwanza, gita zikisubiri kwa adabu. Kisha sauti hunyamaza, gita hukolea na ngoma huchangamka. Wanamuziki wetu huiita sehemu hiyo klaimaksi. Hapo ndipo watu huacha soda mezani na kuinuka. Ukipiga mdundo mmoja usiobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho, watakaa chini, na mwenye arusi hatakuita tena.

Kwa maoni yangu, basi, heri kinanda chenye sauti chache kinachokubali mdundo wako kuliko chenye sauti elfu kisichokubali. Yamaha PSR-E473 ina tundu la USB, na midundo iliyotengenezwa kwingine unaweza kuiingiza. Casio CT-X3000 hukuruhusu kuunda wako mwenyewe na kuuhifadhi, hadi midundo 50. Kazi hiyo yataka jioni kadhaa: ngoma leo, besi kesho, gita kesho kutwa. Weka mwendo wa maneno katika sehemu ya kwanza ya mdundo, na klaimaksi katika sehemu ya pili. Jukwaani utabonyeza kitufe kimoja tu kuvuka.

Jambo la pili watu hulisahau hadi siku ya shughuli. Geuza kinanda utazame nyuma. Vile vya bei ya chini, kama hiyo E373 na CT-X700, vina tundu moja tu la visikizi, nalo ndilo la kutolea sauti kwenda kwenye mashine kubwa. Ukishachomeka waya, spika za kinanda hunyamaza, nawe unabaki ukijisikia kutoka kwa spika za uwanjani zinazowatazama wageni. Tena tundu hilo ni la stereo. Hitaji waya wake, usikubali kuazima wa gita. E473 ina matundu yake ya kutolea sauti, kushoto na kulia. Kwa mpigaji wa jukwaani, tofauti ya bei iko hapo.

Na mitumba je? Kuna vinanda vizuri vilivyotumika ng'ambo, na mara nyingine ndivyo vinavyofaa mfuko mdogo. Lakini soma kibandiko cha umeme. Kilichouzwa Japani huenda kikawa cha volti 100, na stima yetu ni 240. Ukikichomeka hivyo hivyo kitatoa moshi kabla ya wimbo. Vingine vya zamani, kama Yamaha PSR-740, huhifadhi kazi kwenye diski za flopi. Utazitoa wapi Mutomo?

Adapta nayo isiazimwe ovyo. Ile ya CT-X700 ni ya volti 9.5, na Yamaha nyingi ndogo hutumia 12. Tundu likikubali kuingia si kusema umeme umekubali. Pale ambapo shughuli itaendeshwa kwa jenereta, mwombe fundi aiwashe na aiache itulie kwanza, ndipo uchomeke.

Mwisho ni vumbi. Kutoka Wote hadi Makindu, vumbi halimbagui mwanamuziki. Leso moja ya kufunikia vitufe na mfuko wenye ubao chini vinagharimu kidogo. Vitie katika bajeti tangu mwanzo, pamoja na waya wa pili, maana wa kwanza hukatikia shughulini.