Kona ya Dereva: Kipimo cha Jana
Wataalamu wapimapo jinsi tairi linavyoshika kwenye kona, hulikandamiza juu ya pipa la chuma linalozunguka, au juu ya ukanda bapa, kisha hulipinda kidogo kidogo. Lakini pipa lina mgongo, hivyo tairi huligusa kwa eneo dogo kuliko barabarani. Ukanda nao huvikwa msasa, ambao mara nyingi hushika kuliko lami. Joto, upepo uliojazwa, mzigo na kuchakaa pia hubadili matokeo. Basi kila kipimo husadikika kwa hali yake tu.

Nawe dereva, kona uliyoikata salama jana, gari tupu na barabara kavu, si ushahidi wa leo, mvua ikinyesha na wenzako wamejaa nyuma. Punguza mwendo kabla hujaifikia.