Kiingereza cha Kazini: "Must" Huishia Wapi?

Si jambo geni nchini Uganda konstebo kumsikiliza shahidi kwa Kiswahili huku kalamu yake ikiandika kwa Kiingereza. Shahidi husema: "Aliniambia atakuja usiku na ataleta panga." Konstebo mwenye haraka huandika: "He told me he would come at night and brought a panga." Neno moja tu limekosewa, lakini jambo kubwa limetendeka. Shahidi alitaja ahadi mbili. Karatasi inataja ahadi moja na tendo moja. Hakimu atakayeisoma ataelewa kwamba panga lililetwa, na mtuhumiwa ambaye pengine hakutoka nyumbani kwake usiku ule atatakiwa kujibu habari za panga. Ilipasa kuandikwa: "He told me he would come at night and bring a panga."

Kosa hili halitokani na uvivu. Latokana na tofauti ya lugha mbili katika kuunganisha matendo. Kiswahili hukipa kila kitenzi alama yake: atakuja, ataleta, atalipa. Kiingereza hutanguliza kitenzi kisaidizi mara moja, kisha kikaendelea kutawala kimyakimya vitenzi vinavyofuata baada ya "and". Katika sentensi "The constable must stop the car and search it", neno "must" limeandikwa mara moja lakini lafanya kazi mara mbili: kusimamisha gari ni lazima, na kulipekua ni lazima vilevile.

Visaidizi vya aina hii ni tisa: can, could, may, might, must, shall, should, will na would. Vyote hufuatwa na kitenzi kitupu, kisicho na "to" wala "s" ya nafsi ya tatu. Vyenyewe pia havipokei "s" hiyo. Hakuna asemaye "he cans". Sababu ni ya kale. Can, may, shall na must ni maneno ambayo hapo zamani yalikuwa na umbo la wakati uliopita, kisha yakapewa maana ya wakati uliopo bila kubadilishwa umbo. Mwanafunzi anayelalamika kwamba Kiingereza hakina utaratibu ana haki kidogo, ingawa hapa utaratibu upo, ila umezeeka.

Herufi hiyo "s" ndiyo inayoonyesha mahali utawala wa kisaidizi unapokoma. "The driver can repair lorries and train recruits" yaeleza uwezo wa aina mbili. "The driver can repair lorries and trains recruits" yasema kwamba dereva anaweza kutengeneza malori, na tena kufundisha kuruta ndiyo kazi yake hasa. Kiswahili nacho kina hila hiyohiyo: "anaweza kutengeneza malori na kufundisha" si sawa na "anaweza kutengeneza malori na anafundisha". Kwa hiyo askari anao ufunguo tayari. Akiona "ku" katika kitenzi cha pili, na aandike kitenzi kitupu. Taabu huja watu wanapokuwa wengi. "The drivers can repair lorries and train recruits" haina "s" popote, na msomaji hajui kama madereva wanafundisha au wana uwezo tu wa kufundisha. Mwandishi mwangalifu hurudia mtendaji: "and they train recruits", au hurudia kisaidizi: "and can train recruits". Kurudia neno si aibu pale maana inapohitaji.

Hatari kubwa zaidi imo katika makatazo. Amri ya lindo ikiandikwa "The sentry must not leave the gate and sleep", mlinzi mjanja aliyelala palepale langoni aweza kujitetea kwamba yeye hakuondoka. Amri hiyo yaweza kusomwa kuwa inakataza mambo mawili yakitendwa pamoja. Kiswahili kina neno zuri la kufunga mlango huo, nalo ni "wala": mlinzi asiondoke langoni wala asilale. Kiingereza hutumia "or": "The sentry must not leave the gate or sleep." Hapo kila tendo limekatazwa peke yake.

Tena agizo linapogeuka kutoka katazo kuwa wajibu, kisaidizi yafaa kirudiwe: "He must not open the gate but must call the sergeant." Na ikumbukwe kwamba "si lazima afungue" haiwi "he must not open". Maneno hayo ya Kiingereza ni marufuku kamili. "Si lazima" ni "he need not open", yaani akipenda atafungua, asipopenda basi. Mtu anayechanganya mawili haya hugeuza ruhusa kuwa katazo, na wageni wa kambi watakesha nje bila kosa lao.

Mambo haya hayaishii kazini. Mama wa nyumbani hupokea barua ya shule: "Parents may visit on Sunday and must bring the child's report card." Akilisoma neno "may" na kudhani limetawala hadi nukta, ataiacha ripoti kabatini. Lakini utawala wa "may" umekoma pale "must" ilipojitokeza. Kuzuru ni hiari. Kwa mwenye kuzuru, ripoti ni sharti.

Ama kuhusu sentensi za masharti, Kiswahili humtega mwanafunzi kwa ulinganifu wake. Husemwa "angekuja tungemkamata", "nge" huku na "nge" kule. Basi mwanafunzi huandika "If he would come, we would arrest him". Kiingereza hakipendi mizani hiyo. "Would" hukaa upande wa matokeo tu: "If he came, we would arrest him." Kwa "angalikuja tungalimkamata" huandikwa "If he had come, we would have arrested him". Na kwa "akija tutamkamata" huandikwa "If he comes, we will arrest him", wala si "If he will come".

Wenye kudhani kwamba haya ni mambo ya walimu peke yao na watazame Katiba ya Uganda. Katiba ya mwaka 1995 ilikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Marekebisho ya mwaka 2005 yaliongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na hapo likatumika neno "shall". Lakini kishazi kinachofuata chasema kitatumika katika hali ambazo Bunge litaziweka kwa sheria, na neno la kishazi hicho ni "may". La kwanza laamuru. La pili laruhusu tu. Miaka mingi ilipita kati ya maneno hayo mawili, hata Baraza la Mawaziri likaamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima mashuleni. Jeshini, ambako kilizungumzwa tangu zama za King's African Rifles, hakikungoja neno lolote.

Kwa zoezi la nyumbani, watoto na wazazi waweza kutafsiri pamoja: "Sajini alisema atarudi saa kumi jioni na atakagua bunduki." Kisha: "Mlinzi asivute sigara wala asisikilize redio." Ya pili ni "The sentry must not smoke or listen to the radio". Ya kwanza ni "The sergeant said that he would return at four o'clock and inspect the rifles". Aliyeandika "inspected" amezikagua bunduki kabla ya sajini kufika, na aliyeandika "ten o'clock" amemchelewesha sajini kwa saa sita.