Aliyepasuliwa Asiachwe Kuugulia

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa. Nusukaputi inapomwishia, yeye peke yake ndiye ajuaye ukubwa wa maumivu yake, na wajibu wa wanaomtibu ni kumwuliza na kumsadiki.

Mimi ni mkazi wa Makupa. Katika mitaa yetu, mama aliyejifungua kwa upasuaji akilalamika, mara nyingi huambiwa apige moyo konde. Uvumilivu ni sifa njema, lakini si dawa. Mwenye jeraha la tumbo asiyethubutu kukohoa wala kuvuta pumzi barabara yumo katika hatari ya kushikwa na homa ya mapafu. Asiyeweza kuinuka kitandani, damu yaweza kumganda miguuni. Isitoshe, maumivu makali yasiyotulizwa mapema yaweza kugeuka kuwa ya kudumu.

Wako wanaoiogopa mofini, na hofu yao naielewa. Mombasa imezika vijana wengi kwa sababu ya heroini. Hata hivyo, mofini itolewayo kwa kipimo, kwa siku chache, chini ya jicho la muuguzi, haifanani na unga uuzwao vichochoroni.

Zaidi ya hayo, ziko dawa saidizi. Parasetamoli pamoja na ibuprofeni au diklofenaki, zikitolewa kwa saa maalumu bila kungoja mgonjwa apige mayowe, hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika. Hivyo kichefuchefu hupungua, na usingizi mzito unaozorotesha pumzi pia. Ganzi ichomwayo karibu na mishipa ya fahamu hulituliza jeraha kwa saa kadhaa. Ketamini, iliyozoeleka katika vyumba vyetu vya upasuaji, nayo husaidia kwa dozi ndogo.

Sisemi dawa hizi hazina madhara. Diklofenaki haimfai mwenye figo dhaifu au vidonda vya tumbo. Mwaka 2019 wakuu wa dawa nchini Marekani walionya kwamba gabapentini, ikichanganywa na dawa za jamii ya mofini, yaweza kudhoofisha pumzi. Ndiyo maana kazi hii yahitaji mtaalamu, si kubahatisha.

Wala dawa saidizi zisifanywe kisingizio cha kuwanyima mofini wanaoihitaji. Jirani zetu wa Uganda walianza kutumia mofini ya maji, isiyo ghali, katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Waliodhani nchi maskini haiwezi walipata jibu.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana. Tangu 2013 huduma za hospitali nyingi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Basi naiomba ya Mombasa mambo matatu: maumivu ya kila aliyepasuliwa yapimwe na kuandikwa kama yapimwavyo mapigo ya moyo, dawa zake zipangiwe saa, na ghala zisikaukiwe na dawa hizi, ambazo nyingi si za bei kubwa. Kumponya mtu jeraha huku tukimwacha akiugulia usiku kucha ni kuifanya kazi nusu.