TAHARIRI: PIKIPIKI YA CHAMA IFUATE NJIA ZETU



Mkutano Mkuu wa Jumamosi ijayo una ajenda saba, lakini sote twajua ni ipi itakayojaza watu chini ya mwembe. Ni ile ya pikipiki ya chama. Maneno yameshakuwa mengi kisimani, kilabuni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kwa hiyo sisi wa gazeti hili la ukuta tumeona tuseme letu mapema, ili watu waje mkutanoni wameshafikiri.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunainunua. Masika iliyopita funza wa vitumba waliingia mashamba ya pamba ya wenzetu wa ng'ambo ya mto. Dawa ilikuwepo ghalani. Bwana shamba alikuwepo. Kilichokosekana ni chombo cha kumfikisha. Wenzetu walingoja siku tisa, na funza hawangoji mtu. Na pikipiki yetu ya zamani ilikuwa wapi? Ipo pale pale nyuma ya ghala, kuku wanatagia juu ya kiti chake, kwa kukosa kipuri ambacho hakuna duka la mjini linalokiuza. Siku ya kuinunua hatukuuliza habari za vipuri. Tulipiga makofi tu. Kosa lile lilikuwa letu sote.

Sasa pana makundi mawili. Vijana wetu wanataka pikipiki kubwa ya safari, kama zile za wageni wanaotoka Cairo kwenda Cape Town. Wametaja Royal Enfield Himalayan. Hatuidharau hata kidogo. Ya kwanza ilitoka mwaka 2016 ikiwa na injini ya cc 411, na mpya iliyotoka 2023 ina cc 452. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 21, linapanda mawe vizuri. Mtu wa safari ndefu, leo lami kesho vumbi, atafurahi nayo. Lakini ile mpya ina uzito wa karibu kilo 196. Hayo ni magunia mawili ya mahindi kasoro kidogo! Hebu tujiulize: bwana shamba yuko peke yake, jua linazama, imemlalia korongoni kwenye tope. Atainua magunia mawili na nani? Tena injini yake hupozwa kwa maji, ina rejeta na mambo mengi ya umeme. Fundi wetu ana spana na ana akili, lakini vifaa vya kupima umeme wa namna hiyo hana.

Wazee wetu nao wanasema: basi tununue Boxer kama za vijana wa bodaboda, bei nafuu na vipuri viko kila mahali. Hoja hii ni ya kweli, wala tusiicheke. Lakini Boxer ya kawaida imetengenezwa zaidi kwa kubeba watu barabarani. Magurudumu yake ni ya inchi 17, na madigadi yamekaa karibu na tairi. Kwenye udongo wetu mweusi wa mbuga, tope hujaa katikati hapo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Aliyewahi kuisukuma mbugani mwezi wa tatu haitaji kuelezwa.

Sisi twasema iko njia ya katikati, nayo ni pikipiki ya cc 150 hadi 200 yenye umbo la njia mbovu: madigadi ya mbele yamenyanyuka, tumbo liko juu, injini inapozwa kwa upepo. Mfano ni Honda XR150L. Gurudumu la mbele ni inchi 19, la nyuma 17, na uzito wake ni kama kilo 130, yaani gunia moja na debe moja na nusu. Watu wawili wanaiinua bila kuitana. Mfano mwingine wazee wanaufahamu, nazo ni zile Yamaha za AG walizokuwa wakiendesha mabwana shamba wengi. Ziliundwa kwa ajili ya kazi za shamba: keria mbele na nyuma, na mnyororo umefunikwa wote usile vumbi. Ila ile AG100 huchoma oili pamoja na petroli, na asiyejaza oili huiua injini.

Hatusemi nunueni hii au ile. Tunachodai ni kwamba Kamati ije Jumamosi na majibu ya maswali haya:

1. NJIA. Tumeomba kuona daftari la bwana shamba. Katika kila safari tano, nne hazigusi lami. Lami tunaihitaji kwa kwenda benki na wilayani tu. Basi chombo kiwe cha tope kwanza, na lami kiimudu.

2. MAGURUDUMU. Gurudumu kubwa la mbele hupanda mawe na mchanga kwa urahisi. Dogo hukata kona vizuri kwenye lami. Inchi 19 ni suluhu kati ya hizo mbili.

3. TAIRI. Hakuna tairi inayoweza yote. Yenye meno makubwa huisha upesi kwenye lami, na lami ikilowa huteleza. Ya barabarani haina msaada kwenye tope. Ichaguliwe ya nusu kwa nusu. Kwenye mchanga upepo upunguzwe, na urudishwe kabla ya kuingia lami. Kwa hiyo pampu ni lazima.

4. KITI. Pikipiki za namna hii huwa ndefu. Bibi shamba naye ataiendesha, na miguu yake isipofika chini, ataanguka kila akisimama kwenye utelezi. Apande ajaribu kabla fedha haijatoka.

5. KIKI. Stata ni raha, lakini betri ikifa porini kiki ndiyo itakurudisha nyumbani. Ikiwepo, ni bora.

6. VIPURI. Wajumbe wawili waende mjini, wapite maduka matatu, waulize plagi, waya wa klachi, breki na seti ya mnyororo. Pikipiki ambayo vipuri vyake havipatikani tuiache, hata ikiwa nzuri namna gani. Na kama zote za njia mbovu zikikosa vipuri, basi wazee wameshinda: tununue Boxer, tubadili tairi, tuinue madigadi.

Jambo la fedha. Tusimalize zote kwenye chombo. Zibaki za kofia ngumu mbili, bima, leseni na mafunzo ya waendeshaji, tyubu za akiba, na vipuri vya mwaka wa kwanza. Kama fedha haitoshi kwa yote hayo, ni heri tushuke kwenye chombo cha bei ndogo kuliko kuacha mtu aende bila kofia.

La mwisho, jamani, tuliseme bila kuogopana. Pikipiki ya chama siyo ya katibu, wala ya mwenyekiti, wala ya shemeji wa mtu kupelekea harusi. Liwepo daftari la safari, na ufunguo ulale ghalani. Fedha hii imekatwa kwenye kila kilo ya pamba yetu, pamoja na kilo za wale wa ng'ambo ya mto waliongoja siku tisa.

Njooni Jumamosi, saa nne asubuhi. Aliye na swali alilete. Safari hii tuulize kwanza, makofi baadaye.

Mhariri,
kwa niaba ya Kamati ya Gazeti la Ukuta