Motokari inayozimika ikipata moto

Wamama wapenzi, wiki iliyopita tuliongea juu ya mbabula inayokula makala mengi. Leo tunafungua kapo ya motokari. Mwenzetu mmoja wa likelemba yetu hapa Lubumbashi nusura auze mali ya watoto wake kwa bei ya vyuma, na sababu yenyewe ilikuwa kipande cha waya kifupi kuliko kidole.

Bwana yake alipofariki alimwachia Celica ya miaka ya 1970, ya milango miwili na pua ndefu, ile ambayo mtaa wote uliijua kwa mlio wake. Ndugu za bwana walisema ni motokari ya vijana, mjane ataifanyia nini? Yeye alitaka kuiuza kwa bei nzuri ili alipe minervali ya watoto watatu. Lakini ilikuwa na ugonjwa. Asubuhi inawaka mara moja, inatembea vizuri nusu saa, halafu inazimika. Ukingoja kidogo inawaka tena kama vile hakukutokea kitu. Mnunuzi wa kwanza alikwama nayo katikati ya barabara, na aliporudi alitaja bei ya kilo.

Kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema ni esansi ya wakadafi iliyochanganywa na maji. Garaji moja ilibadilisha pampu ya esansi, halafu buji zote nne, halafu tena buji. Mama alilipa mara tatu na motokari ikaendelea kuzimika. Hatusemi fundi alikuwa mwizi. Motokari ilipofika kwake ilikuwa imekwisha kupoa, akapima, akaona kila kitu kizuri. Ni sawa na kumpeleka mtoto kwa daktari siku ambayo homa imeshuka.

Basi Jumamosi moja tuliingia wanne ndani ya Celica, na buji moja ya akiba na koleo yenye mipini ya plastiki, tukaizungusha makusudi mpaka ikazimika. Hapo hapo, kabla haijapoa, tukachomoa waya mmoja wa buji, tukauchomeka kwenye ile buji ya akiba, tukaishika kwa koleo, chuma chake kikigusa mashini. Mwenzetu akazungusha kontakti. Moto mzuri wa buji ni wa bluu na unalia tak, tak, tak. Sisi hatukuona kitu. Kwa hiyo si esansi, na pampu ile mpya ilikuwa pesa ya bure.

Tafadhali, jambo hili si la kucheza. Umeme wa bateri ni volti 12 tu, lakini bobini inaupandisha kupita volti 20,000 ili uweze kuruka kwenye ncha ya buji. Usishike waya kwa mkono mtupu. Usipime karibu na karibirateri wala mahali penye esansi iliyomwagika. Watoto wakae mbali, na mtu mwenye mashini ya moyo mwilini asikaribie kabisa. Tena chomoa waya mmoja tu kwa wakati, maana ukichanganya zile nne za delko utapata ugonjwa wa pili.

Tulifunga kontakti, tukasogeza mkono kwenye bobini. Haikushikika kwa moto. Tukaifunika kwa kitambaa chenye maji, tukangoja dakika kumi huku watu wakituuliza kama tunapika. Tulipopima tena, moto wa bluu ukatoka. Bobini inayochoka inafanya hivyo: nyaya nyembamba za ndani zikipata joto zinaachana, zikipoa zinagusana.

Wengi tungeishia hapo na kununua bobini mpya. Mzee mmoja fundi wa mtaani, aliyetengeneza motokari za namna hii tangu zikiwa mpya, alitukataza. Aliuliza kwanza: nani ameiunguza? Akatuonyesha karibu na bobini kipande cheupe kama udongo wa sahani. Hicho ni rezistansi. Mashini ikiwa inatembea, chenyewe kinapunguza umeme, bobini inapata volti kama 7 mpaka 9. Wakati wa kuwasha tu ndipo inapewa 12 zote. Mtu fulani, labda siku ambayo rezistansi ilikatika, aliunga waya mfupi juu yake ili motokari iwake haraka. Iliwaka kweli. Lakini tangu siku ile bobini ilikuwa inakula volti 12 bila kupumzika, na visi za platine ndani ya delko zilikuwa zimeungua meusi. Bobini mpya ingefuata njia ile ile.

Akaondoa waya, akaweka rezistansi, bobini ya aina inayopatana nayo, na platine mpya. Vyote pamoja havikufika bei ya ile pampu. Akatuomba jambo moja: tusiache kontakti wazi mashini ikiwa imezima, eti kwa ajili ya kusikiliza redio. Ikisimama platine zikiwa zimefungana, bobini inapashwa moto bure. Mama akacheka, maana watoto walikuwa wanasikiliza mpira humo kila Jumapili.

Tangu hapo ametembea nayo mpaka Likasi na kurudi, kilometa kama 240, bila kuzimika hata mara moja. Mtu wa bei ya kilo alipita tena Jumatatu na kuongeza kidogo. Mama alimwambia arudi Jumamosi, apande, aendeshe saa nzima kwenye jua, halafu ndipo waongee bei. Rezistansi ya zamani na kile kipande cha waya ameviweka ndani ya kopo la Blue Band. Anayetaka kuviona apite kwake kabla ya mkutano.